Safu ya Watu wa Nje

Jumatatu, 4 Mei

Vumbi. Rafu za ualimu zote, kisha za hesabu. Nimebandika namba kwenye vitabu kumi na vinne, gundi imeganda kidoleni mpaka sasa. Picha za kurasa nimetuma kwa watu watano.

Hii ya picha ndiyo kazi ninayoipenda. Kitabu cha saikolojia ya mtoto tuna nakala tatu tu, na wanachuo wa mwaka wa pili wote wako nje kwenye mazoezi ya kufundisha, wengine vijiji vya huku Masasi, wengine kule juu Newala. Basi mtu anaandika kwenye peji ya maktaba mtandaoni, naomba ukurasa wa arobaini na wa arobaini na moja. Napiga picha kwa simu ya maktaba, natuma. Wanajibu, "Asante maktaba." Hawajui kama maktaba ni mimi, Tekla, mtoto wa dada yake mkutubi, nimemaliza kidato cha nne nasubiri kupangiwa cha tano.

Sijawahi kuongea na hata mmoja wao ana kwa ana. Wakija dirishani namwachia mama mdogo. Mimi nakwenda nyuma ya rafu najifanya natafuta kitu.

Jumatano, 6 Mei

Mtaaluma, mkuu wa taaluma hapa chuoni, alikuja na wageni wawili wenye tai. Akataka kuwaonyesha peji yetu. Akafungua simu yake, akawainamishia. Chini ya tangazo la saa za kufungua maktaba kuna mtu kaandika anauza salfa, dawa ya mikorosho, bei ni maelewano. Chini yake mwingine anauliza kama ipo ya maji.

Wageni walicheka. Mtaaluma hakucheka. Alipowasindikiza alirudi, akasimama mlangoni.

"Mama Fadhili, hawa wanaotufuata ni nani?"

"Wasomaji wetu, Mtaaluma."

"Wasomaji wa salfa?"

Mama mdogo aligonga muhuri kwenye kitabu ambacho hakuna aliyekiazima. Si kawaida yake. Mtaaluma anataka ripoti. Kila anayeifuata peji: ni mwanachuo, ni mkufunzi, au ni mtu wa nje. Wa nje waondolewe, peji ifungwe, wabaki wenyewe. Siku hizi matangazo yote ya chuo yanapita humo, hata majina ya wanaoitwa ofisi ya nidhamu. Chuo si soko, amesema.

Kazi nimepewa mimi. "Wewe una macho na huna mdomo," mama mdogo kaniambia, "kazi yako hii." Alikuwa ananitania. Imeniuma kidogo. Imenifurahisha kidogo pia.

Alhamisi, 7 Mei

Kaunta buku jipya. Rula. Safu tatu. Vichwa nimeandika kwa Kiingereza: Students, Tutors, Outsiders. Miaka minne sekondari tulifundishwa kwa Kiingereza, na bado nikitaka jambo lionekane la maana naliandika kwa Kiingereza. Outsiders nimeliwekea wino mwekundu.

Njia yangu ni rahisi. Nachukua jina la mfuasi, nalitafuta kwenye orodha ya usajili ya chuo. Likiwepo, safu ya kwanza au ya pili. Lisipokuwepo, naingia kwenye picha zake naangalia ni nani.

Nikiri hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Napenda kuwapeleleza. Nimeona harusi. Nimeona watoto wamevaa sare siku ya kwanza, soksi zimefika magotini. Nimemwona mkufunzi wa michezo amelala kwenye kiti mdomo wazi. Kuna mwanachuo ana mchumba Tandahimba na mwingine Nachingwea, na wachumba wote wawili wanatufuata. Mimi tu ndiye ninayejua. Kanisani nakaa benchi la mwisho, nikisalimiwa sauti inapotea. Lakini leo nilijiona mkubwa kuliko wote.

Jumamosi, 9 Mei

Wako zaidi ya mia tatu. Nimefika katikati.

Majina mengine hayanipi kazi. Bonge la Bwana. Chui Mweupe. Mtoto wa Mjini. Korosho Mali. Nje, nje, nje.

Halafu wako kina Mama na kina Baba. Mama Shazili, Baba Neema, Mama Abuu, Mama Anna. Hawahesabiki. Picha zao ni maua au mtoto mchanga au dua. Kwenye orodha ya usajili hakuna mtu anayeitwa Mama. Mwanzoni nilimpeleleza mmoja mmoja, macho yakaanza kuuma. Mchana nikajiambia, mtu anayejiita Mama fulani yuko nyumbani kwake, kaingia kwenye peji kwa bahati tu. Nikawapeleka wote safu nyekundu kwa mkupuo. Nimeokoa siku mbili.

Mmoja nilisita. Mama Twalibu. Anaomba kurasa karibu kila wiki. Anaandika, "Shikamoo maktaba," halafu anajicheka mwenyewe: "Au niseme marahaba, sijui nani mkubwa." Na mimi huwa nacheka, peke yangu, nyuma ya rafu. Nikamtafuta kwenye orodha mara mbili. Hayumo.

Kuna sehemu yangu ilijua. Mama wa nyumbani haombi kurasa za hatua za mtoto kujifunza kusoma. Lakini nikimtoa yeye kwenye nyekundu inabidi niwarudie wote. Safu ilikuwa imenyooka vizuri. Nikamwacha.

Jumanne, 12 Mei

Ripoti imepelekwa. Mtaaluma aliifungua mbele yetu, akapitisha kidole kwenye mistari. "Huyu binti ana kichwa," akasema. Sikumbuki mtu wa ofisi kunisifu mimi. Nilitazama viatu vyangu, masikio yanawaka.

Akasema, waondoeni leo leo.

Nimewaondoa mwenyewe, mmoja mmoja, na kuwafungia wasiweze kurudi. Unabonyeza, simu inakuuliza kama una uhakika, unabonyeza tena. Baada ya ishirini hivi hata husomi swali. Imenichukua kutoka saa nne hadi saa nane.

Mama Twalibu alikuwa na ujumbe haujajibiwa. "Shikamoo maktaba. Naomba kurasa za 62 na 63, nafundisha Jumatatu." Nikausoma. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.

Ijumaa, 15 Mei

Jioni, tunakula. Mama mdogo kashika simu yake kwa mkono wa kushoto, anaisogeza mbali na macho.

"Tekla, mbona peji yetu siioni? Natafuta, inaniambia haipo."

"Labda mtandao, mama mdogo."

"Mtandao! Mbona namwona shangazi yako wa Mtwara anavyokaanga samaki?"

Akacheka, akaweka simu chini. Mimi nikarudisha tonge sahanini.

Kazini anatumia simu ya maktaba. Kwenye simu yake ana jina lake mwenyewe, kama watu wote. Nikaenda chumbani, nikafungua kaunta buku. Lipo. Mwandiko wangu, wino mwekundu, kati ya Mama Eliza na Mama Fahadi. Mama Fadhili. Nimemweka mkutubi wa chuo kwenye watu wa nje wa maktaba yake. Mtaaluma kapitisha kidole hapo, hata yeye hakuona, na kila siku anamwita hivyo hivyo.

Ingekuwa ya mtu mwingine ningecheka.

Jumamosi, 16 Mei

Nimerudia safu nyekundu yote, kwa kufanya ile kazi niliyoiruka. Picha za kila mmoja, hadi za zamani. Baba Neema ni mkufunzi wa Jiografia. Mama Shazili yuko mwaka wa pili, kavaa sketi ya chuo kwenye picha ya nne. Mama Anna ni mwalimu wa miaka mingi, karudi kujiendeleza. Na wengine. Na wengine tena.

Huku kwetu ukishazaa nani anakuita jina lako? Jina linabaki kwenye kadi ya kura na kwenye cheti. Hata kwenye simu mtu anaandika lile analoitwa. Hata mume anakuita hivyo. Mama yangu kule Mkunya ni Mama Tekla, miaka kumi na saba sasa. Nimetembea na hilo tangu nizaliwe. Halafu nikakaa na rula na Kiingereza changu nikalisahau kwa siku moja.

Nimewafungulia wote kimyakimya. Lakini kufungulia si kurudisha. Kila mmoja inabidi atufuate tena mwenyewe, na hajui kama mlango uko wazi. Sijamwambia mama mdogo. Nimesema mtandao. Nikisema leo, itakuwa makosa mawili.

Mimi ni mwoga. Naandika hivyo hivyo. Mwoga.

Jumatatu, 18 Mei

Dafrosa amekuja dirishani kuchukua chaki. Ni mwanachuo, yuko Lukuledi kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa nyuma ya rafu.

"Mama Fadhili, kwani Mama Twalibu mmemfukuza kweli?"

"Nani kasema?"

"Mwenyewe. Ijumaa kafunga begi, kaenda kwao Mnyambe. Darasa la pili liko peke yake, watoto wanarushiana chaki tu."

Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyasikia. Mwezi uliopita Mama Twalibu alifiwa na mama mkwe. Akapewa ruhusa ya siku tatu, akakaa mpaka siku ya saba, maana yeye ndiye mkwe mkubwa na wageni wake ndio waliokuwa wanakuja. Aliporudi akaandika barua ya kujieleza. Ofisi ya nidhamu wakamwambia, majibu utayapata. Amekaa anasubiri. Jumanne akaona peji imemtoka. Akajaribu kwa simu ya Dafrosa, anaiona. Kwa yake, haipo. Akasema, "Si walisema majibu nitayapata? Ndiyo hayo." Akamaliza wiki akiwafundisha watoto, kwa sababu alikuwa ameshawaahidi wimbo. Ijumaa kaondoka.

Mama mdogo alikwenda mbio kwa Mtaaluma. Akarudi: hakuna aliyefukuzwa, ile barua yake hata haijasomwa. Wamepiga simu yake, haipatikani. "Lakini kwa nini afikirie hivyo?" mama mdogo alikuwa anajiuliza kwa sauti. "Peji inamtoaje mwanachuo wetu?"

Nilikuwa nimeshika kitabu cha sayansi kimu. Nilikishika mpaka maktaba ikafungwa.

Jumanne, 19 Mei

Sijasema.

Ratiba ya wakaguzi iko ukutani. Mwalimu Chitanda anakwenda Lukuledi Alhamisi. Mwanachuo asipokuwepo siku ya ukaguzi amefeli mazoezi. Akifeli mazoezi, mwaka mzima unarudiwa. Nimeisoma hiyo ratiba mara nyingi leo kama vile itabadilika.

Nilitayarisha sentensi tatu. Nikazitayarisha kwa Kiswahili, nikazitayarisha kwa Kiingereza. Mama mdogo akaniuliza, "Unasemaje?" Nikasema, gundi imeisha.

Jumatano, 20 Mei

Nimesema. Jioni, mama mdogo anakuna nazi, kanipa mgongo. Labda ndiyo maana niliweza.

Hakugeuka upesi. Akaendelea kukuna hadi kifuu kikabaki cheupe. Kisha: "Na mimi? Mimi pia umenitoa?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na ukaniambia mtandao."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akaenda kujaribu simu ya Mama Twalibu mara kumi nzima, akampigia na Dafrosa. Gari la Mwalimu Chitanda lilikuwa limeshaondoka tangu mchana, analala njiani shule nyingine. Simu yake nayo haishiki huko.

Alhamisi, 21 Mei

Amekuta darasa bila mwalimu. Kwenye fomu kaandika neno moja. Hakuwepo.

Ijumaa, 22 Mei

Ofisi ya Mtaaluma. Mama mdogo kanisimamisha mbele ya meza akasema, "Mwambie mwenyewe." Nilifungua mdomo. Hewa tu. Mtaaluma akatazama saa yake. Mwisho mama mdogo akaniwekea karatasi na kalamu, nikaandika pale pale nimesimama, karatasi juu ya mafaili. Kwa Kiswahili. Kwamba niliwaweka kina mama na baba nje bila kuwaangalia. Kwamba yupo mmoja niliyekuwa na wasiwasi naye na bado nikamtoa. Kwamba niligundua Ijumaa iliyopita na nikanyamaza siku tano.

Alisoma polepole. Nilidhani atanifukuza chumbani.

"Hii ripoti niliipokea mimi," alisema. "Na nikasema leo leo." Akavua miwani. Lakini fomu ya mkaguzi ni fomu, akasema, haifutiki kwa huruma. Kikao kinakaa Jumanne. Aje Mama Twalibu mwenyewe, asimame, ajieleze. Asipokuja, hakuna la kujadili.

Simu yake bado haipatikani. Mama mdogo ana ukaguzi wa vitabu kesho, hawezi kutoka.

Nikasikia sauti inasema, nitakwenda mimi. Ilikuwa yangu.

Jumamosi, 23 Mei

Nimechoka, lakini niandike kabla sijaanza kupunguza ukweli.

Basi dogo la asubuhi mpaka Newala. Baridi kule juu, sikuvaa sweta. Sikupita nyumbani Mkunya, mama angeniona usoni. Stendi nikamfuata dereva wa bodaboda wa Mnyambe, nikamsomea kwenye karatasi. Nilikuwa nimeshapata jina la Mama Twalibu la kwenye orodha, kwa Dafrosa. Somoe Hamisi.

"Somoe yupi? Huko kina Somoe ni kama kuku." Akawauliza wenzake. Hakuna anayemjua. Mmoja akasema yupo Somoe mzee lakini kafariki. "Jina hilo kakupa nani, polisi? Mama nani huyo?"

"Mama Twalibu."

"Aaa! Mwalimu! Si useme. Panda."

Mwalimu. Wanamwita mwalimu tayari.

Alikuwa uani na shemeji zake wawili wanapukuchua mahindi. Mama wa miaka arobaini hivi, mnene kidogo, kanga ya msiba bado. Nikamwamkia. Akaitikia, marahaba mwanangu, karibu, umetoka kwa nani?

"Maktaba."

Alinitazama kuanzia viatuni. "Maktaba ndiyo wewe? Mtoto hivi!" Akawageukia shemeji zake. "Huyu ndiye namwamkia shikamoo kila wiki!" Wakacheka wote watatu, kicheko kizuri, na mimi nilikuwa nimekuja na lile nililokuja nalo.

Nikasema. Yote. Sauti ilikuwa ndogo, mmoja wa mashemeji aliinama ili asikie. Nilipomaliza hakuna aliyekuwa anapukuchua.

"Kwa hiyo hawakunifukuza."

"Hapana, mama. Ni mimi."

Alikaa. Akaokota punje moja iliyorukia kwenye kanga, akairudisha kwenye ungo.

"Wiki nzima Baba Twalibu ananiuliza nimefanya nini huko chuoni. Nimeapa, hakuniamini. Jirani wamekuja kunipa pole kama nimefiwa tena. Twalibu hataki shule, wenzake wanamwambia mama yako katimuliwa. Simu nimeizima, ningeongea nini na watu?" Hakupandisha sauti. "Si ungeniuliza tu? Mimi unanijua. Kila wiki tunaongea."

Nikaanza kupukuchua hindi lililokuwa karibu nami. 

Nikamwambia habari ya Jumanne. Hakusema atakuja, hakusema haji. Akanipa maji ya kunawa, na maji kule ni ya kuteka mbali, nikanawa kwa vidole tu. Ugali na kisamvu. Nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa ubaya mwingine. Shemeji mmoja akaniuliza kama nimeshachezwa unyago. Nikasema ndiyo. "Basi huko hukufundishwa kumwuliza mtu mzima?" Mama Twalibu akamwambia aniache.

Mlangoni alisema, "Rudi mapema, basi lisikuache." Hivyo tu.

Jumatatu, 25 Mei

Hajapiga. Kwa Dafrosa pia hajapiga. Mama mdogo anaongea na mimi mambo ya kazi tu. Lete gundi. Funga dirisha.

Jumanne, 26 Mei

Amekuja. Saa tatu na dakika chache, na mume wake, mwanaume mrefu kavaa koti la suti juu ya kanzu. Sikuruhusiwa kuingia kikaoni, lakini karatasi yangu ilisomwa, mama mdogo kaniambia. Ilisomwa mbele ya wakufunzi wote, hadi pale nilipoandika nilinyamaza siku tano. Baba Twalibu aliomba isomwe mara ya pili. Halafu akamgeukia mkewe akasema, "Haya, Mama Twalibu." Mama mdogo anasema hilo lilikuwa ombi la msamaha, mimi sijui.

Uamuzi: arudi Lukuledi leo hii. Atakaguliwa mara moja zaidi, siku haitajwi, kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo mazoezi yanapofungwa. Asipoonekana, au akiharibu, anarudia mwaka. Mume kasema wazi, mwaka mwingine hatakubali, shamba lina watu wangapi.

Kwa hiyo amepewa nafasi moja na imebeba kila kitu. Mwanzoni alikuwa na nafasi kama wenzake.

Mimi nisiguse peji tena. Sawa.

Mama Twalibu alipita nje ya maktaba wakati wa kuondoka. Nilikuwa dirishani, kwa mara ya kwanza sikukimbilia nyuma. Akamsalimia mama mdogo. Mimi alinitazama, akaendelea na njia yake.

Jumapili, 31 Mei

Kanisani nilisimama wakati wa kukaa. Watoto walicheka. Sikujali sana.

Tumepiga simu kwa karibu wote wa safu nyekundu, mama mdogo na mimi, tangu Jumatano. Mimi napiga, yeye anasikiliza. Alisema hiyo ndiyo adhabu yangu. Nasema, "Shikamoo, napiga kutoka maktaba ya chuo, tulikuondoa kwa makosa, samahani." Baba Neema alikata simu. Mama Abuu aliniombea dua. Mama Anna akasema, hata sikuona kama nimetolewa, mwanangu, huku kwetu mtandao ni wa kupanda kwenye kichuguu. Mwenye salfa naye nilimpigia. Kumbe mtoto wake yuko mwaka wa kwanza, hana simu, anatumia ya baba. Sikujua nimwandike safu gani. Nimemwandika jina tu.

Mama Twalibu simpigii. Yuko darasani, au anajiandaa. Na sina la kuongeza.

Jumatano, 3 Juni

Gari la ukaguzi limetoka Jumatatu, likatoka jana, likatoka leo. Hakuna anayesema linakwenda wapi. Kila likirudi namtazama Mwalimu Chitanda anavyoshuka, kama mwendo wa mtu unaweza kusema kitu.

Nimeota Mama Twalibu anafundisha na mimi nimekaa dawati la mbele, siwezi kusoma ubaoni. Nimeamka shingo imekaza.

Mama mdogo leo kaniambia uji wangu una mabonge. Ni mara ya kwanza ananitania tangu siku ya nazi.

Ijumaa, 5 Juni

Mazoezi yamefungwa leo.

Saa nane Mwalimu Chitanda aliingia kusoma gazeti, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikaa kona ya dirisha. Maktaba ilikuwa kimya, watu wawili tu na nzi mmoja. Mama mdogo alikuwa amekwenda ofisini. Nilipanga vitabu vilivyokuwa vimeshapangwa. Akafunua ukurasa wa michezo. Akafunua mwingine. Akimaliza ataondoka, na matokeo hayatoki mpaka mwezi wa nane.

Nikatoka nyuma ya rafu. Nikasimama mbele ya meza yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mama Twalibu wa Lukuledi. Alikuwepo?"

Alinitazama juu ya gazeti. Nadhani alishajua mimi ni nani.

"Alikuwepo. Nimekwenda jana. Alifundisha herufi." Akalishusha gazeti. "Nilikaa vipindi viwili. Nilitakiwa kimoja."

"Amefaulu?"

"Hayo si yako."

"Ndiyo mwalimu. Asante mwalimu."

Akarudi kwenye gazeti. Mimi nikarudi kwenye kiti changu, cha dirishani. Mwanachuo mmoja akaja kuuliza kitabu cha hesabu, nikamjibu kiko rafu ya pili. Aliniomba nirudie, sauti ilikuwa ndogo. Nikarudia.